Miche ya Juni: tunapoliita kila jambo "mradi wa mazingira"

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, shule nyingi za huku kwetu hupanda miti. Watoto hupangwa mistari, mgeni rasmi hushika mche wa kwanza, picha hupigwa, soda hufunguliwa. Mimi mwenyewe nimesimamia sherehe hizo kwa miaka kadhaa katika shule moja ya msingi huku Mufindi, mkoani Iringa. Na kila mwaka, tukirudi kutoka likizo ya katikati ya mwaka, miche imesimama kama njiti za kiberiti.

Aliyekulia Nyanda za Juu Kusini anajua sababu bila kwenda chuo. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili au Mei. Juni ni mlango wa kiangazi, na juu yake kuna baridi ambayo usiku mwingine hugeuka jalidi ya kubabua viazi shambani. Mkulima wa hapa hupanda miti yake Desemba hadi Februari. Hata Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, kwetu inakuta mvua ziko njiani kuaga.

Mwaka mmoja binti wa darasa la sita aliniuliza, akiwa bado ameshika ndoo: "Madamu, kwa nini sisi tunapanda sasa hivi na baba huwa anapanda Januari?" Nikamwambia achote maji, mgeni anasubiri. Swali lile ndilo lilikuwa mradi. Lilinijia mkononi, nikalitupa, nikaendelea na shughuli ambayo kwenye taarifa ya shule niliiandika "mradi wa mazingira".

Neno hilo limekuwa jepesi mno midomoni mwetu walimu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unataka umahiri: mtoto atende, achunguze, aeleze. Shule za msingi zimepewa somo la Jiografia na Mazingira. Kwenye maandalio ya somo tunaandika "kazi mradi" kama tunavyoandika "majadiliano ya vikundi" na "bungua bongo", kisha tunaingia darasani na kufundisha kama jana.

Sehemu ya tatizo ni kwamba neno lina wenyewe watatu tayari. Kuna mradi wa kipato: banda la nguruwe, bustani ya kabichi, shamba la miti la shule. Kuna mradi wa bango getini, wenye mfadhili na gari, ambao fedha zikiisha nao unaisha, bango linabaki. Halafu kuna mradi wa zana: mtoto anaambiwa alete mlima wa volkano wa udongo au mzunguko wa maji kwenye manila, usiku kaka yake wa sekondari anachora, asubuhi mtoto anapokea maksi za kaka. Sina ugomvi na bustani, kabichi imetuokoa wengi. Ila hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitatu ambao ni kujifunza kwa mradi.

Kujifunza kwa mradi ni hivi: wanafunzi wanafuatilia swali la kweli kwa wiki kadhaa, wanakusanya ushahidi wenyewe, na mwishoni wanatoa kitu ambacho mtu wa nje ya darasa anaweza kukitumia au kukipinga. Maarifa ya somo yanaingia kwa sababu swali linayadai. Tulivyozoea, mada hufundishwa kwanza, kazi ya mikono ikafuata muda ukibaki, na muda haubaki. Kwenye mradi kazi ndiyo inayoivuta mada: mtoto anataka kujua wastani kwa sababu ana namba tano za kina cha maji na hajui aandike ipi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1918 William Heard Kilpatrick, aliyekuwa akifundisha walimu huko Columbia, New York, aliandika makala iliyoipa umaarufu njia ya mradi, akijenga juu ya mawazo ya mwanafalsafa wa elimu John Dewey. Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na humo shamba la shule halikuwa la chakula peke yake. Alitaka tabia za mbolea zielezwe kwenye kipindi cha sayansi, kisha wanafunzi waone shambani faida zake na mipaka yake. Alitaka hifadhi ya udongo ifundishwe wakati huohuo inatendwa, ili mambo yakiharibika wanafunzi waweze kuchambua kilichoharibu. Waliosoma miaka iliyofuata wanajua kilichobaki mikononi mwao. Jembe lilibaki, uchambuzi ukapotea njiani, na shamba likawa mahali pa kumpeleka aliyechelewa namba.

Swali la kushikika

Tukianza mradi wa mazingira kwa kuandika ubaoni "Uharibifu wa Mazingira", tumekwisha kupotea. Muulize mtoto yeyote afanye nini kuhusu uharibifu huo, atakujibu kwa kuimba: tusikate miti ovyo, tusichome moto ovyo, tusitupe taka ovyo. Neno "ovyo" linafanya kazi kubwa sana kwenye madaftari yetu. Linamwezesha mtoto kupata vema bila kujua kukata miti kusiko kwa ovyo kukoje. Na hapa ni Mufindi, penye shamba la miti la serikali la Sao Hill, ambako nusu ya watoto darasani wamevaa viatu vilivyotokana na nguzo au mbao. Kukata miti ni ada ya shule. Mtoto anaijua kweli hiyo nyumbani, anaimba nyingine shuleni, wala hajawahi kuombwa aziweke mezani pamoja.

Kwa hiyo swali lazima lipunguzwe mpaka lishikike. Mimi hulipima kwa miguu kwanza: watoto wanaweza kufika lilipo na kurudi ndani ya vipindi viwili vya dakika 40 vilivyoungana? Kisha nauliza kama kuna mtu mzima kijijini anayelihangaikia. Halafu, na hapa ndipo walimu tunapotokwa jasho, najiuliza kama mimi mwenyewe silijui jibu. Kama nalijua, nitawaongoza watoto kuelekea kwenye kichwa changu, nao watanusa haraka sana kwamba mwalimu ana jibu mfukoni, waanze kulibahatisha.

Swali tulilofikia, baada ya kuzunguka kwa wiki nzima, lilikuwa hili: kwa nini kijito cha bondeni nyuma ya shule siku hizi hakifiki barabarani ifikapo Oktoba? Wazee wanasema zamani kilifika. Mama mmoja anayefyatua tofali karibu na daraja alikuwa analiuliza kila mwaka. Mimi sikuwa na jibu.

Gunzi, kamba na simu

Kazi ya kwanza ni kujua kuna maji kiasi gani, maana "yamepungua" si kipimo. Njia ni rahisi kuliko inavyosikika. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 10 kufuata mkondo, vusha kamba ya katani mwanzo na mwisho. Pima upana wa maji. Pima kina sehemu tano au sita ukivuka, utafute wastani. Kisha dondosha gunzi la mahindi juu kidogo ya kamba ya kwanza. Linapopita kamba, mwenye simu anaanza kuhesabu sekunde, linapofika kamba ya pili anasimamisha. Rudia mara tano, kwa sababu gunzi moja litanasa kwenye majani na jingine litakimbia kama limetumwa.

Tuseme upana ni mita 1.5 na kina cha wastani mita 0.2. Ukizidisha unapata mita za mraba 0.3. Tuseme gunzi linatumia sekunde 25 kwa wastani: kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha 0.3 kwa 0.4, ni 0.12. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe na matope, kwa hiyo unapunguza kwa kuzidisha na 0.85. Jibu ni mita za ujazo 0.102 kwa sekunde, yaani lita 102. Hapo mwambie mtoto ageuze ziwe ndoo za lita 20. Ndoo tano kila sekunde, usiku na mchana, zaidi ya lita milioni 8 kwa siku. Nimefundisha desimali kwa chaki miaka mingi, sijawahi kusikia darasa likipiga kelele kwa jibu la desimali isipokuwa siku ile kando ya kijito.

Ubora wa maji unapimwa kwa macho na kwa kuinua mawe. Chini ya mawe kuna wadudu wachanga wa majini. Wale bapa wenye mikia mitatu myembamba kama nywele, na jamaa zao wenye mikia miwili, hawavumilii maji machafu yaliyoishiwa hewa. Ukikuta hao hawapo kabisa, na badala yake kuna viumbe vyekundu kama vinyoo kwenye tope, una jambo la kuuliza. Afrika Kusini wana chombo kiitwacho miniSASS, kilichotengenezwa ili watu wa kawaida pamoja na wanafunzi waupime mto kwa wadudu wake tu, bila maabara.

Tahadhari zisiwe za kuandika tu. Tunapima pale ambapo maji hayapiti magoti, hatusogei kijito Februari na Machi kinapojaa, na tunanawa mikono kwa sabuni tukirudi. Walioko Usangu kwenye mashamba ya mpunga wafikirie kichocho kabla ya kumwingiza mtoto majini. Na penye bustani za nyanya, kama Ilula, makopo matupu ya dawa ya wadudu yahesabiwe kwa macho, yasiguswe.

Kesi ya mlingoti

Kijijini kila mtu ana jibu tayari kuhusu kijito: milingoti. Ndivyo tunavyoiita mikaratusi huku. Kijito chetu kimezungukwa nayo pande zote mbili, na wazee wanakumbuka kwamba zamani palikuwa na mivengi, mti wa asili unaopenda kusimama miguu ikiwa kwenye maji bila kuyamaliza.

Wana hoja. Mlingoti hukua haraka, na mti unaokua haraka hunywa sana. Mizizi yake huyafuata maji chini, majani yake huyarudisha hewani mwaka mzima. Ushahidi mzito uko Mokobulaan, Afrika Kusini, ambako watafiti walipanda mikaratusi kwenye bonde dogo lililokuwa la nyasi na kuupima mkondo wake. Mwaka wa tatu maji yalianza kupungua, mwaka wa tisa mkondo ukakauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, na bado ilichukua miaka mitano mingine maji kurudi kutiririka mwaka mzima. Kwenye bonde jirani lililopandwa misindano (mipaina), mkondo ulikauka pia, ila haukukauka mpaka mwaka wa 12.

Nikawasomea watoto habari hiyo, wakashangilia, kesi imekwisha. Hapo ndipo mwalimu anapotakiwa kuwa mkaidi. Wale walipima kwa miaka mingi, sisi tuna muhula mmoja. Tukipima Julai na kurudia Oktoba maji yatakuwa yamepungua hata kama bonde zima lingekuwa na mivengi, kwa sababu ni kiangazi. Tutajuaje? Kimya. Kisha kijana mmoja akasema kuna kijito kingine ng'ambo ya kilima, cha msitu wa asili, twende tukipime siku zilezile. Alikuwa amegundua mwenyewe kitu ambacho vitabu vya utafiti hukieleza kwa sura nzima. Dakika tano baadaye mwenzake akampinga: bonde lile ni kubwa kuliko letu. Akaongeza mwingine: na huku kwetu kuna mtu ana pampu.

Ukisikia watoto wanabishana hivyo, kaa kimya ule mihogo yako.

Tulifanya na jaribio dogo la majani. Unafunika tawi la mlingoti na tawi la mvengi kwa mifuko miwili inayoonyesha, unafunga kwa uzi, baada ya saa tatu za jua unalinganisha maji yaliyokusanyika ndani. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tulitumia iliyokuwa imefungia mikate, na suala la kwa nini huu umeruhusiwa na ule hapana likazaa mjadala wa kipindi kizima.) Jaribio linaonyesha kwamba jani hutoa maji. Halionyeshi kwamba mti mmoja hunywa kuliko mwingine, kwa sababu matawi hayalingani majani. Nilitaka walione hilo wenyewe. Walipoandika ripoti, sentensi niliyoipa maksi nyingi ilianza na neno "huenda".

Mita sitini za bibi

Sasa nifike penye fundo lenyewe, ambalo miongozo ya kufundishia hulipita mbio. Mazingira yana wenyewe. Ukipeleka watoto bondeni kuchunguza kijito, unawapeleka kuchunguza wazazi wao.

Bonde letu lina vinyungu. Kwa asiyejua, kinyungu ni bustani ya bondeni, ya kiangazi: mkulima anatengeneza matuta kwenye udongo wenye unyevu, nyasi anazifukia zioze ziwe mbolea, anapanda mahindi, maharage na mboga wakati mlimani kumekauka. Mahindi mabichi ya kinyungu ndiyo yanayoingia sokoni wakati ghala zimeisha. Wahehe na majirani zao wamelima hivyo tangu enzi za mababu. Kwa upande mwingine kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, kinachokataza ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru uhifadhi wa eneo hilo. Kinyungu, kwa maumbile yake, kiko ndani ya mita hizo. Kingekuwa nje kisingekuwa kinyungu.

Mara ya kwanza niliwapa watoto kamba ya mita 60 na kuwaambia wachore ramani ya matumizi ya ardhi pande zote mbili. Wakachora vizuri kabisa, na juu ya kila shamba wakaandika jina la mwenyewe. Niliitazama ramani ile usiku, taa ikiwa mezani, nikaona nimetengeneza orodha ya watuhumiwa, imeandikwa kwa mwandiko wa wajukuu zao, na ingepelekwa kwa mtendaji wa kijiji kama sehemu ya "matokeo ya mradi". Niliikunja. Tangu hapo ramani zetu hazina majina, zina alama tu: mahindi, mboga, milingoti, mivengi, tofali.

Na kabla ya kamba tunaenda kuomba. Bibi mmoja mwenye kinyungu karibu na chemchemi alitupokea akiwa na jembe begani. Watoto wakamsalimu, "Kamwene, bibi," wengine "Shikamoo." Akaitikia zote. Akamwonyesha mmoja wao, mjukuu wa ndugu yake, akaniambia: "Mwalimu, baba wa huyu kasomeshwa na udongo huu hapa. Mkimaliza kupima mniambie na mimi nihamie wapi." Hakusema kwa ukali. Watoto waliandika sentensi hiyo kwenye madaftari bila kuambiwa, na ilibadilisha swali. Wiki iliyofuata hawakuuliza tena nani anamaliza maji. Waliuliza kinyungu kinatumia kiasi gani ukilinganisha na safu ya milingoti, na kama kuna namna ya kulima pale bila tope kuingia kijitoni: kuacha ukanda wa nyasi ukingoni, kurudisha mivengi kuzunguka jicho la chemchemi, kutofyeka mpaka majini. Alipokuja kusikiliza ripoti yao, bibi alipinga mawili na kukubali moja. Ndivyo ninavyoelewa kitu cha kutumika au kupingwa na mtu wa nje.

Mwalimu anayetaka kuona fundo hili kwa ukubwa wa mkoa atazame Ruaha Mkuu. Mto huo hukusanya maji ya milima ya Uporoto na Kipengere, unapita tambarare ya Usangu na ardhioevu ya Ihefu, unaingia Hifadhi ya Ruaha, halafu mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayofua umeme. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakibanana kwenye madimbwi. Lawama za kwanza zilimwangukia mfugaji, na mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu na mifugo yao. Mto uliendelea kukauka. Watafiti waliochunguza bonde hilo waliyatazama zaidi maji yanayochepushwa kiangazi kwenye mifereji ya umwagiliaji. Mpunga wa Mbarali tunaoupenda mezani uko ndani ya hesabu hiyo, mlaji naye yumo.

Usangu hukohuko ndiko ulikozaliwa mchezo ambao ningependa kila shule ya huku iwe nao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtafiti wa Uingereza, Bruce Lankford, alitumia na wanavijiji ubao mrefu ulioinamishwa, wenye mto uliochongwa katikati na mashamba pembeni. Maji ni gololi. Unazimwaga juu, kila mkulima anaweka kijiti mtoni kuchepusha gololi ziingie shambani kwake. Raundi ya kwanza wa juu wanajaa, wa chini wanabaki na gololi moja au hawana. Kisha wachezaji wanahamishana nafasi. Kila mchezaji anakuwa mtu wa juu na mtu wa chini ndani ya saa moja, na maneno yanayotoka baada ya hapo ni tofauti na ya mwanzo. Fundi seremala wa kijijini anaweza kuuchonga ubao huo kwa mabaki ya mbao. Gololi watoto wanazo, ziko mifukoni mwao sasa hivi kinyume cha sheria za shule.

Lakini mtihani

Mwalimu wa taaluma atakuuliza kuhusu mtihani, na ana haki. Sitasema mradi unapandisha ufaulu, sina namba za kumpa. Ninachofanya ni kuchukua azimio la kazi na kutia alama mada zote ambazo swali moja limezipitia. Kijito kilitupatia wastani, eneo, ujazo na desimali kwenye hisabati. Kilitupatia mimea na maji kwenye sayansi, usomaji na uchoraji wa ramani kwenye jiografia, mahojiano na barua rasmi kwenye Kiswahili. Mada ambazo hazikuguswa nilizifundisha kwa chaki, kama kawaida. Mradi mmoja kwa mwaka unatosha. Anayejaribu mitatu atachoka Machi.

Wingi wa watoto ni kikwazo cha kweli zaidi. Huwezi kushusha watoto 90 kwenye kijito cha mita moja na nusu. Wangu niliwagawa: kundi moja majini, moja kwenye mashamba, moja kwa wazee, moja darasani na mwalimu mwenzangu wakichora, kisha wanabadilishana wiki inayofuata. Ugonjwa wa kazi za vikundi tunaujua sote, wawili wanapika na wanane wanapakua. Dawa yangu ni daftari la kila mtoto, lenye tarehe, alichoona na asichoelewa, pamoja na swali moja la ana kwa ana mwishoni. Nafungua ripoti ya kundi, naweka kidole kwenye namba yoyote, namuuliza yeyote: hii imetoka wapi? Asiyejua hapati maksi za namba hiyo, hata kama ripoti imepambwa kwa kalamu za rangi sita.

Wenzetu wa mjini wasiseme hawana kijito. Mbeya ina Nzovwe na Meta, ila hata bila mto, soko la Mwanjelwa linatosha kwa muhula mzima: majani ya kabichi, maganda ya ndizi kutoka Tukuyu, viazi vilivyooza kwenye viroba. Vikapimwa kwa mizani ya duka, vikatenganishwa kinachooza na kisichooza, halafu watoto wakauliza ni nani hulipwa kuviondoa na vinaenda wapi. Wenye soko hawapendi kupigwa picha, waombwe kwanza.

Anayetaka kuanza kijito Januari namshauri ratiba yetu. Januari na Februari ni za kubishania swali na kuuliza wazee, mvua zikiwa zinanyesha na miche, kama ipo, ikipandwa kwa wakati wake. Kipimo cha kwanza Aprili mwishoni maji yakitulia, cha pili Julai, cha tatu Oktoba, siku ileile kwenye vijito vyote viwili. Tarehe 5 Juni hatupandi tena. Watoto hushuka bondeni na daftari kuhesabu mivengi ya Januari iliyo hai na iliyokufa, na pembeni ya kila uliokufa wanaandika wanachodhani kimeuua. Mwaka jana mgeni rasmi alifika akiwa na mche wake mkononi. Watoto wakamwonyesha pa kuuweka kivulini mpaka Desemba.